Ifahamu Sanamu ya Takwimu: Jinsi Kina cha Ziwa Kinavyoweza Kusomeka Stendi

Na Mwandishi Wetu, Musoma

Sanamu nyingi za maeneo ya umma, kama ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927, huhifadhi kumbukumbu isiyobadilika. Sanamu ya takwimu ni tofauti: mwanga au mwendo wake hufuata vipimo vinavyoendelea kukusanywa. Mfano ni eCLOUD, iliyowekwa mwaka 2010 katika uwanja wa ndege wa San José, Marekani, ambayo vipande vyake vya plastiki hubadilika kwa kufuata hali ya hewa ya miji mbalimbali.

Je, sanamu ya aina hiyo ikibuniwa kwa ajili ya stendi ya Bweri mjini Musoma, stendi ya Bunda au Makutano wilayani Butiama, ionyeshe nini?

Hatua ya kwanza ni kuchagua takwimu zinazogusa maisha ya wananchi. Kina cha Ziwa Victoria, ambacho kimepimwa tangu mwaka 1896, kinafaa. Kati ya mwaka 1961 na 1964 kiliongezeka kwa zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 maji yalifurika tena mwaloni, mashambani na kwenye makazi.

Hatua ya pili ni umbo. Nguzo yenye vipimo halisi ingeweka alama ya mwaka 1961 chini, na ya 1964 ikawa juu ya kichwa cha mtu mzima. Taa zingepanda na kushuka kulingana na kina cha sasa. Alama zichongwe, ili zisomeke hata umeme ukikatika.

Hatua ya tatu ni ukweli. Vipimo vipya visipopatikana, taa zizimwe. Takwimu za zamani zisionyeshwe kama za leo. Aidha, sanamu haichukui nafasi ya tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA).

Iwapo sanamu itahesabu abiria kwa kamera, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 izingatiwe. Ikijengwa ndani ya hifadhi ya barabara kuu, kibali cha TANROADS kinahitajika.

Mradi wa aina hii unapowasilishwa kwenye mkutano wa hadhara, mwananchi anayo haki ya kuuliza: takwimu zinatoka wapi, nani ataitunza sanamu, na itaonyesha nini siku itakapoharibika?