Mvua imerudi: angalia pine mbele ya kupanda gari ya Kamituga

Wenzetu waliohamia Québec, kule Kanada, wako na sheria inayowalazimisha kubadilisha pine kila mwaka. Kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka 15 Machi, gari isiyo na pine za baridi inapigwa amande. Huku kwetu Kivu ya Kusini hatuna teluji. Tuko na mvua kuanzia Septemba mpaka Mei, na matope ya Mwenga yanateleza kama sabuni. Lakini huku ni watu wachache sana wanaoinama kuangalia pine kabla gari haijatoka Bukavu. Basi inama wewe mwenyewe, hata kama wewe ni abiria tu.

Nasema abiria sababu ndugu zangu wa kareri wachache wako na gari. Mchimbaji anarudi kwenye puwi, mama twangaise anafuata biashara yake, bibi anampelekea mume watoto: wote wanakaa juu ya mizigo ya mtu mwingine. Shofere analipwa kwa safari, hapana kwa siku. Akingojea mvua ipite, tumbo la watoto wake njo linalipa. Kwa hiyo anatoka. Mwenye gari amelala nyumbani.

Tuanze na pine. Ndani ya mifereji ya pine kuna vipande vidogo vya mpira vimelala. Pine ikiliwa mpaka kulingana navyo, meno yamebaki milimita 1.6, na Ulaya gari hiyo hairuhusiwi tena kutembea. Kwa matope yetu, mimi nasema pale umekwisha kuchelewa. Pine ya kipara kwenye mlima wa matope ni kama kushuka ndani ya puwi na sandali. Angalia zote, na ile ya akiba pia, sababu mara nyingi ile ya akiba njo mbovu kuzipita zote.

Freni ni jambo la kuongea kwa urefu. Kutoka Bukavu mpaka Kamituga ni kilometa kama 180, karibu zote milima. Na wale wanaoshuka Uvira kwa barabara ya taifa namba 5 wanajua Ngomo: ukuta upande mmoja, shimo upande mwingine. Kuko mashofere wanaoshuka pale bila vitesi, wengine wanazima hata moteri, eti wanachunga mazutu. Ni hatari kubwa. Moteri ikizimika, volani inakuwa nzito, na pedale ya freni inakuwa ngumu kama jiwe. Kwenye kamyo yenye freni za hewa, hewa haitengenezwi tena, na kila ukikanyaga inapunguka. Mlima unashukwa na vitesi ya kwanza ao ya pili, moteri ikishikilia gari, freni zikisaidia kidogo kidogo. Ukisikia harufu ya kuungua, omba shofere asimame, freni zipowe. Akisema "hapana tatizo, mama", mama, telemuka.

Kisha kupita kwenye maji, freni zimeloana na hazishike vizuri. Shofere atembee polepole akikanyaga pedale kidogo kidogo mpaka zikauke. Na barabara iliyoloana inataka nafasi kubwa mbele, karibu mara mbili ya ile ya kiangazi.

Mafuta nayo. Ile ya mabidoni ya makadhafi, wakati wa mvua inaingia maji kwa urahisi. Maji ni mazito kuliko mazutu, yanakaa chini ya rezervari, na siku moja moteri inazimika katikati ya mlima. Filtri ya mazutu ifunguliwe na maji yamwagwe mbele ya safari. Taa zote ziwake, sababu ukungu wa Mwenga haungojei usiku. Vifuta kioo vifute kweli. Ndani ya gari kuwe peli, kamba ya chuma, jeki na mbao ya kuweka chini ya jeki, la sivyo jeki yenyewe inazama.

Mto ukijaa mpaka juu ya daraja, mtu apite kwanza na fimbo, amefungwa kamba. Maji yakipita magoti, mungojee: mito ya milimani inajaa upesi na inapunguka upesi. Lakini musingojee pembeni ya mto. Tarehe 4 Mei 2023, kule Kalehe, kwenye barabara ya Goma, maji na mawe vilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Pandeni mahali pa juu, hata kama mvua inawapiga.

Tunalipa peaje, na tangu FONER iundwe mwaka 2008 kuko feza ya barabara ndani ya mafuta tunayonunua. Kudai barabara ni haki yetu, na sendika haitanyamaza. Tunadai pia shofere alipwe siku ya kungojea. Lakini hata barabara ikitengenezwa kesho, pine ya kipara inabaki ya kipara.

Kamyo ya esanse ikianguka, kimbia mbali. Sange, tarehe 2 Julai 2010, kamyo moja ilipinduka, watu wakaja kuchota, moto ukalipuka: waliokufa walipita 230. Hata haikuwa wakati wa mvua.

Na kama gari imekwama usiku, baridi ya milima inawasukuma mulale ndani, vioo vimefungwa, moteri inawaka ili mupate joto. Bomba la moshi likizibwa na matope, moshi unarudi ndani ya gari. Ile gesi haina harufu, na wachimbaji wanaifahamu: njo ile ile ya motopompe inayoua watu chini ya puwi. Zimeni moteri, fungueni kioo kidogo, mujifunike mablanketi. Kwa hiyo, kwenye orodha ya vitu vya safari, kisha peli na kamba, muongeze blanketi moja kwa kila mtu.