Jinsi Jina la Mgombea Lipatikanavyo

Katika maongezi ya leo nataka kueleza jambo ambalo sisi watu wa Singida hulisikia kila baada ya miaka mitano, nalo ni kura za maoni. Siku ya uchaguzi mtu huenda kituoni, hupewa karatasi yenye majina machache, naye huchagua moja. Lakini ni nani aliyeyaweka majina yale katika karatasi? Hilo ndilo swali. Majina yale yalikwisha kupita katika mashindano mengine kabla ya siku ile, na mkulima wa alizeti wa Iramba asiye mwanachama wa chama cho chote hakuitwa.

Yafaa tuanze na jirani zetu wa Mbulu, upande wa kaskazini. Mwaka 1960, Tanganyika ilipokuwa ikikaribia uhuru, chama cha TANU kilipata viti 70 katika viti 71 vya Baraza. Katika majimbo 58 mgombea wake hakuwa na mshindani, basi aliyeteuliwa na chama alikuwa amekwisha kuwa mbunge kabla watu hawajapiga kura. Kiti kimoja kilichopotea kilikuwa cha Mbulu. Huko Herman Sarwatt, naye ni mwanachama wa TANU, alisimama kwa nafsi yake kushindana na mtu aliyeteuliwa na chama, akamshinda. Kwa maoni yangu watu wa Mbulu hawakukikataa chama; walikataa jina walilopelekewa.

Jambo hili liliwafikirisha wakubwa. Nchi ilipofuata mpango wa chama kimoja, palikuwa na hatari kwamba raia hatakuwa na la kuchagua kabisa. Basi mwaka 1965 uliwekwa utaratibu mpya. Watu waliotaka ubunge walijitokeza, Mkutano Mkuu wa Wilaya ukawapigia kura, kisha majina yakapelekwa kwa Halmashauri Kuu ya Taifa, nayo ikarudisha majina mawili kwa kila jimbo. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwenziwe alama ya nyumba, kwa sababu wapiga kura wengi hawakujua kusoma. Wagombea walisimama pamoja katika mikutano iliyotengenezwa na chama, wala hawakuruhusiwa kutaja kabila au dini, na lugha ya mikutano ilikuwa Kiswahili. Katika mkoa kama wetu, wenye Wanyaturu, Wanyiramba na wengineo, sharti hilo halikuwa dogo. Alama zenyewe zilileta maneno: mwenye jembe alisema jembe ndilo linalolisha, na mwenye nyumba akauliza jembe hulala wapi usiku. Lakini mchezo haukuwa wa kitoto, kwa maana Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa katika uchaguzi ule.

Mwaka 1992 sheria iliruhusu vyama vingi tena, na uchaguzi wa kwanza wa vyama hivyo ulikuwa mwaka 1995. Hapo kila chama kikawa na njia yake ya kutafuta mgombea. Katika Chama cha Mapinduzi, kilichozaliwa mwaka 1977 kwa kuungana TANU na ASP, njia hiyo imegeuzwa mara kadha wa kadha. Mwaka 2010 na mwaka 2015 wanachama wote wa jimbo walipiga kura. Mwaka 2020 kazi ilirudishwa kwa wajumbe wa mkutano, na nchi nzima watu zaidi ya 10,000 walichukua fomu. Mwaka 2025 majina yalichujwa kwanza na vikao vya juu, ndipo wajumbe wakapiga kura mwezi wa Agosti, na vikao vya taifa vikakata neno la mwisho.

Wanafunzi wangu huniuliza, “Mwalimu, aliyepata kura nyingi amewezaje kukatwa?” Jibu limo katika jina lenyewe. Kura hizi ni za maoni, hazimfungi anayeteua. Tena hesabu yake yataka uangalifu. Tuseme wajumbe ni 600 na wagombea ni 8. Mtu aweza kuongoza kwa kura 130, yaani wajumbe 470 walitaka mwingine. Kikao cha juu kikimpitisha wa pili, chaweza kuwa kimesikia vema kuliko sanduku, au chaweza kuwa kimependelea. Mtu wa kijijini hana njia ya kujua, kwa kuwa sababu hazitangazwi.

Idadi ndogo ya wapiga kura ina hatari nyingine. Kuwahonga watu 600 ni rahisi kuliko kuwahonga watu 60,000. Zamani zawadi za wagombea ziliitwa takrima, na sheria iliziruhusu, hata Mahakama Kuu ilipozikataa mwaka 2006. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 imekwenda mbali zaidi: yahusu hata mashindano ya ndani ya chama, si kampeni tu. Basi kanga, chumvi au nauli apewayo mjumbe ili ampigie mtu kura ni kosa, hata kama uchaguzi mkuu uko mbali.

Wala si kweli kwamba anayeteuliwa na chama kikubwa amekwisha kupita daima. Katika jimbo la Singida Mashariki, upande wa Ikungi, mwaka 2010 alishinda Tundu Lissu wa CHADEMA.

Lakini alilofanya Sarwatt mwaka 1960 haliruhusiwi na sheria zetu. Mgombea wa ubunge sharti adhaminiwe na chama. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo makao yake yako Arusha, iliamua kwamba katazo hilo lavunja haki ya raia, lakini sheria haikubadilishwa kwa uchaguzi wa 2015, wala wa 2020, wala wa 2025. Aliyekatwa jina lake ana njia mbili tu: kunyamaza, au kuhamia chama kingine kabla siku ya kurudisha fomu haijapita.