Shosho ana sifa zote, mbona hapati Inua Jamii? (UZI)

1/ Hii mmeiona mara nyingi huku. Mtu anaposti picha ya mzee amekaa nje ya nyumba ya udongo, anaandika: "Huyu hapati Inua Jamii, na jirani yake mwenye nyumba ya mawe anapata." Komenti zinafurika. Chifu anatukanwa, afisa wa kaunti ndogo anatukanwa, MCA naye hakosi chake. Baada ya siku mbili tumehamia stori nyingine, na mzee bado amekaa palepale.

2/ Leo sitaji mwanasiasa wala chama. Nataka tuelewane kwa swali moja tu: nani hasa huamua kwamba huyu apate na yule akose? Kwa sababu tukimkaba koo mtu asiye na uamuzi, mwenye uamuzi anapita hapo kando akitusalimia.

3/ Msingi kwanza. Inua Jamii ni mpango wa serikali kuu wa kutuma pesa kwa makundi matatu: familia zinazolea mayatima na watoto walio katika hali ngumu (sehemu hii ilianza kwa majaribio 2004), wazee, na watu wenye ulemavu mkali wanaohitaji kuangaliwa muda wote. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kaskazini kuna mpango mwingine wa kukabili njaa, ulioanzia Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir.

4/ Umeona hapo? Serikali KUU. Pesa hizi hazitoki kwa gavana wala kwa MCA. Kwa hiyo ukisikia mgombea wa udiwani akiahidi "nitawaandikisha nyote Inua Jamii", muulize kwa kalamu gani. Na ukisikia mwingine akisema "mimi ndiye niliwaletea", mkumbushe kwamba ni kodi yetu, na kwamba Kifungu cha 43 cha Katiba kinaitaka serikali imsaidie mtu asiyeweza kujikimu. Msaada huu si zawadi ya mtu.

5/ Sasa turudi kwa ile picha. Mwaka 2018 mpango wa wazee ulifunguliwa kwa kila Mkenya wa miaka 70 na zaidi asiyepokea pensheni ya serikali. Kigezo kilikuwa umri. Hakuna aliyeulizwa kama nyumba yake ni ya mawe au ya udongo. Kwa hiyo huyo jirani, kama aliandikishwa wakati huo, yuko kwenye orodha kihalali kabisa. Na mzee wa kwenye picha anaweza kuwa na miaka 66. Ni maskini kweli, lakini kwa kigezo hicho bado "mdogo".

6/ Au anaweza kuwa na 72 na bado akose. Vipi? Usajili haukai wazi kila siku kama duka la M-Pesa. Unafunguliwa, unafungwa. Waliofikisha 70 baada ya dirisha kufungwa walilazimika kungoja lifunguliwe tena. Na dirisha halifunguliwi na afisa wa kaunti ndogo. Linafunguliwa na bajeti.

7/ Hapa ndipo mjadala wetu mwingi unapopotea, kwa hiyo soma pole pole: KUWA NA SIFA SI SAWA NA KUWA NA NAFASI. Sifa zinaandikwa na wizara. Nafasi zinanunuliwa na Bunge likipitisha bajeti. Kama nafasi ni chache kuliko wenye sifa, lazima kuna watu watakaoachwa nje hata kama kila afisa nchini ni malaika.

8/ Tuseme, kwa mfano tu, lokesheni ina familia 100 zenye sifa na imepewa nafasi 30. Hata orodha ikitengenezwa bila hongo, bila undugu, bila makosa yoyote, familia 70 zitarudi nyumbani mikono mitupu. Zote 70 zinaweza kusimama mbele ya kamera na kusema ukweli: "Tunastahili na hatupati." Sasa hapo mwizi ni nani?

9/ Basi afisa hufanya nini hasa? Kwenye kaunti ndogo utampata afisa wa maendeleo ya jamii na afisa wa watoto. Wakati wa usajili, wao na wasaidizi wao hukusanya taarifa za familia, hukagua kitambulisho, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha kifo cha mzazi, karatasi za ulemavu. Kisha majina hupelekwa kwenye baraza ili wanakijiji waseme: huyu tunamjua, huyu ana hali nzuri, huyu mmemsahau. Baada ya hapo taarifa huingizwa kwenye mfumo.

10/ Na kazi haiishii hapo. Mnufaika akifa, lazima aondolewe. Mlezi akihama, lazima abadilishwe. Simu ikipotea, kadi ikikataa, malipo yakichelewa, watu wanakuja kwa ofisi ileile. Yeye ndiye uso wa serikali kwa shosho aliyelipa nauli ya bodaboda kuja kuuliza "mwanangu, pesa imeingia?" Mara nyingi jibu analo moja tu: bado, tungoje Nairobi.

11/ Wanafunzi wa sayansi ya siasa hatumalizi kozi bila kukutana na Michael Lipsky, Mmarekani aliyeandika mwaka 1980 kuhusu watumishi kama hawa: mwalimu, polisi, afisa wa ustawi. Hoja yake kwa ufupi: kwa mwananchi, sera ni kile anachofanyiwa pale kaunta, hata kama karatasi inasema vingine. Mtumishi mwenye foleni ndefu na muda mfupi hujitengenezea njia za mkato, na hizo njia za mkato ndizo serikali unayoiona wewe.

12/ Kwa hiyo simtetei afisa kipofu-kipofu. Ana nguvu, ila si ile tunayodhani. Nguvu yake ni ndogo ndogo: baraza litangazwe lini na wapi, mzee wa mtaa yupi aulizwe majina, nyumba ya mbali itembelewe au iandikwe kwa kukisia, shosho asiye na cheti aelekezwe au afukuzwe. Hapo ndipo undugu na "chai" hupenya. Na hapo ndipo tunapaswa kumbana.

13/ Tabaka jingine ni mashine. Sisi wengi hatuna payslip, kwa hiyo serikali haijui tunapata ngapi. Inachofanya ni kukisia kwa kuangalia unavyoishi: paa ni nyasi au mabati, sakafu ni udongo au simiti, maji mnatoa wapi, mnapikia nini, mna mifugo mingapi. Kila jibu lina alama. Alama zinajumlishwa, na mfumo unatoa makadirio ya uwezo wako.

14/ Hata kama hujawahi kuomba Inua Jamii, umekutana na kipimo cha aina hii kupitia SHA. Tangu Oktoba 2024, aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba na maisha yake, halafu mfumo unamwambia alipe ngapi, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Anayekusaidia kujaza majibu pale mtaani hapangi hicho kiwango. Akikuonyesha kiasi, naye anakiona mara ya kwanza pamoja na wewe.

15/ Shida ya kukisia ni hii. Mjane aliyeachiwa nyumba ya mawe na marehemu mumewe anaonekana ana uwezo, kumbe hata unga anakopa. Kijana anayepanga chumba cha mabati anaonekana maskini, kumbe biashara yake ya simu inaingiza vizuri. Ukuta hausemi mwezi huu jikoni kumepikwa nini. Kipimo kinaweza kuwa sawa kwa wastani wa watu wengi na bado kikamkosea mtu mmoja vibaya sana.

16/ Makosa ni ya aina mbili, na kwenye mijadala tunazungumzia moja tu. Kuna kosa la KUINGIZA: asiyestahili anapata. Kuna kosa la KUACHA: anayestahili anakosa. La kwanza lina kelele, maana wanufaika hewa ni kichwa cha habari kizuri. La pili halipigi kelele. Aliyeachwa hana hata namba ya kumbukumbu ya kulalamikia.

17/ Na haya mawili yanavutana. Ukiongeza masharti ili kuzuia wezi, unaongeza pia milango ambayo mnyonge anaweza kugonga mwamba. Ukisema kila mtu athibitishwe kwa alama za vidole, utakamata wafu wanaolipwa, sawa. Lakini utamnasa pia mzee aliyelima maisha yake yote hadi vidole vikafutika, na mgonjwa asiyeweza kufika benki. Siku nyingine mwanasiasa akitangaza "tumesafisha orodha", usipige makofi kabla ya kuuliza: wangapi waliondolewa kimakosa, na wanarudije?

18/ Tukumbuke pia kiwango chenyewe. Hiyo 2,000 imebaki 2,000 kwa zaidi ya miaka kumi. Unga, mafuta ya taa na nauli havikungoja. Halafu malipo yanachelewa, yanakuja ya miezi kadhaa kwa mpigo. Kwa anayekula kwa deni la dukani, pesa ya miezi kadhaa ikija mara moja inaenda kulipa deni. Afisa wa kaunti ndogo hana mkono katika kiwango wala katika ratiba ya Hazina.

19/ Basi tugawe lawama kwa haki. Ukitaka kuuliza:
• Nafasi ni chache? Muulize mbunge wako alipigaje kura kwenye bajeti.
• Kigezo ni kibaya? Wizara.
• Alama hazieleweki? Wanaoendesha mfumo. Waeleze maswali yanahesabiwaje.
• Baraza halikutangazwa, majina yaliandikwa usiku, umeombwa kitu kidogo? Hapo sasa ni chifu, kamati na afisa.

20/ Na usiulize kwa mdomo tu. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu KWA MAANDISHI. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi lako la habari ndani ya siku 21. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mtu dhidi ya uamuzi mzito unaofanywa na mashine peke yake. Sheria ikiruhusu uamuzi kama huo, bado anaweza kuomba upitiwe upya. Wakikupuuza, kuna Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Kulalamika huko hakulipiwi.

21/ Kwa vitendo: kama una shosho au guka nyumbani anayestahili na hapati, uliza vitu vitatu ofisini. Moja, je, jina lake liliandikwa wakati wa usajili? Mbili, kama liliandikwa, lilikwama wapi: kwenye hati, kwenye kipimo, au limekosa nafasi tu? Tatu, dirisha linalofuata linafunguliwa lini? Andika tarehe na jina la ofisi iliyokujibu. "Hayuko kwenye mfumo" ni mwanzo wa jibu. Usikubali kurudi nyumbani nalo peke yake.

22/ Na kwa sisi wa huku mtandaoni: ukiposti ile picha ya mzee (mwombe ruhusa kwanza, ni mtu), weka na umri wake, weka kama aliwahi kuandikishwa, weka jibu alilopewa. Picha yenye majibu hayo matatu inamtoa jasho mwenye uamuzi. Picha tupu inampa mgombea nafasi ya kuja na unga kilo mbili na kamera yake.

Kama kwenu usajili ulifanywa, niambieni hapo chini: baraza liliitishwa kweli, au mlisikia majina yakiwa tayari?