Kabla ya kuuza mtamba: yaliyomo ndani ya diploma ya kompyuta

Matokeo ya KCSE yakishatangazwa, mazungumzo katika maboma mengi ya Siongiroi huishia kwenye mifugo: ni mtamba yupi atakayeuzwa ili mtoto aende chuo. Kijana amepata C ya kutoa. Alama hiyo haimfikishi chuo kikuu, lakini inamfungulia mlango wa diploma katika chuo cha kiufundi, na anachotaka ni "kompyuta". Mzazi anauliza swali ambalo kila mwenye kuuza mfugo ana haki ya kuuliza. Huko utafundishwa nini, miaka miwili au mitatu, ambacho hiyo simu uliyoishika haijakufundisha?

Vipeperushi vya vyuo humjibu kwa orodha ya masomo, na orodha haimwambii mzazi chochote. Mimi nitajaribu kumjibu kwa maziwa. Siongiroi imo katika eneobunge la Chepalungu, upande wa Kaunti ya Bomet ambako chai huanza kupungua na ng'ombe na mahindi kushika nafasi yake. Mashamba ya chai yako juu zaidi, Konoin, Bomet ya Kati na Kericho. Hapa watu wanaishi kwa maziwa. Mwaka 2008, wakfu wa Bill na Melinda Gates ulipotoa zaidi ya dola milioni 42 kwa mradi wa kuinua ufugaji wa maziwa nchini Kenya, Uganda na Rwanda, kituo cha kupoza maziwa cha Siongiroi kilikuwa miongoni mwa vilivyohusishwa. Fedha za Gates, zilizotokana na programu za kompyuta, zilikuja kuwafikia wafugaji wa hapa. Ni haki kuuliza iwapo ujuzi wenyewe nao utafika.

Kwanza tuuelewe mpango wa masomo. Kwa muda mrefu diploma hii imetahiniwa na Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, kwa moduli tatu. Ya kwanza ina utangulizi wa teknolojia ya habari na maadili yake, matumizi ya kompyuta, mifumo endeshi, misingi ya kuandika programu, hisabati na elektroniki ya msingi. Zinazofuata huingia katika uchanganuzi na usanifu wa mifumo, hifadhidata, mitandao, programu za intaneti na usimamizi. Baada ya sheria ya mafunzo ya kiufundi ya mwaka 2013 kulikuja baraza jingine, TVET CDACC, na mtaala wa umilisi ambao humpima mwanafunzi kwa kazi aliyoifanya kwa mikono yake: kuunganisha mtandao, kukarabati kompyuta, kusimamia hifadhidata, kudhibiti vitisho vya usalama. Majina ya masomo yanatofautiana, lakini kiini ni kilekile.

Tuanze na hifadhidata, maana hapo ndipo mwanafunzi wa Siongiroi ana mfano mzuri kuliko ulio kwenye kitabu chochote cha London. Wakipsigis huwapa watoto majina kwa kufuata saa na hali ya kuzaliwa. Kipkoech na Chepkoech walizaliwa alfajiri, Kiprotich na Cherotich ng'ombe wakirudi nyumbani, Kiprop na Cherop mvua ikinyesha. Kwa hiyo njia moja tu ya kukusanyia maziwa yaweza kuwa na kina Cherotich watano, na wawili kati yao wakawa wameolewa katika ukoo mmoja. Karani mwenye daftari anawajua kwa sura. Kompyuta haina macho hayo. Inahitaji namba isiyofanana na nyingine yoyote, na kanuni hiyo, ufunguo msingi, ndiyo somo la kwanza la hifadhidata.

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alichapisha makala yaliyoeleza jinsi ya kuhifadhi taarifa katika majedwali yanayohusiana. Wazo lake linaeleweka upesi ukilileta kwenye kituo cha maziwa. Taarifa za mfugaji huandikwa mara moja tu, katika jedwali la wafugaji. Jedwali la maziwa hubeba namba yake, tarehe na kipimo. Anayeleta maziwa asubuhi na jioni ana mistari 60 kwa mwezi wa siku 30. Ikiwa namba yake ya simu imerudiwa katika kila mstari, siku akibadilisha laini karani atasahihisha michache na kuisahau mingine, na malipo ya mwisho wa mwezi yataenda kwa mtu asiyehusika. Ikiwa iko mahali pamoja, inasahihishwa mara moja na kazi imekwisha.

Lakini ningeulizwa somo gani ndilo moyo wa diploma hii, nisingetaja hifadhidata, wala uandishi wa programu ambao vijana huupenda zaidi. Ningetaja uchanganuzi na usanifu wa mifumo. Wanafunzi wengi huliona kavu. Hulikariri kwa hatua zake, upembuzi yakinifu, ukusanyaji wa mahitaji, usanifu, utekelezaji, kisha huziandika kwenye karatasi ya mtihani na kuzisahau. Linalofundishwa hapo, likifundishwa vizuri, ni kwenda kwa watu na kuuliza wanafanyaje kazi yao kabla ya kugusa kibodi.

Chukua kipimo chenyewe. Kituo kimoja hupima maziwa kwa mizani, kingine kwa chombo chenye alama za lita. Maziwa ni mazito kuliko maji: lita moja ina uzito wa takriban kilo 1.03, na ndiyo sababu karani akitumbukiza laktomita hutambua maziwa yaliyotiwa maji. Sasa kijana aliyehitimu anaandika programu inayolipa kwa lita, na mizani inasoma kilo. Hakuuliza. Kwa mfugaji wa kilo 10 tofauti ni kama theluthi ya lita moja, hakuna atakayeiona. Kwa kituo kinachopokea lita 10,000 kwa siku, ni kama lita 300 ambazo kila siku zinalipiwa na hazimo kwenye tangi. Hakuna kasoro yoyote katika mistari ya programu hiyo. Imeandikwa sawasawa kwa ajili ya kituo ambacho hakipo.

Kuna jambo zito zaidi. Katika nyumba nyingi za wafugaji wa upande huu, kwa muda mrefu maziwa ya asubuhi yamekuwa ya kuuzwa, na fedha zake ni za mwenye boma. Ya jioni yamekuwa mikononi mwa mama: ya chai, ya watoto, ya kutia mursik kwenye kibuyu, na yanayobaki huuzwa kwa jirani ili kupata chumvi na sabuni. Kituo kinapoanza kupokea maziwa ya jioni na mfumo ukayaingiza yote katika akaunti moja, yenye jina la mume aliyesajiliwa kama mwanachama, kompyuta imehamisha mapato kutoka mkono mmoja wa nyumba hadi mwingine. Hakuna mtu aliyekaa kikao akaamua hivyo. Aliyebuni fomu ya usajili aliweka nafasi ya jina moja, basi. Mwanafunzi aliyelielewa somo hili angejua kuuliza: nani anakama, nani anapeleka, nani analipwa, na ng'ombe alipougua nani alichukua dawa kwa mkopo wa kukatwa kwenye maziwa? Majibu hayo huwezi kuyapata ukiwa umeketi maabara ya chuo. Na huyu mtoto wa Siongiroi ana fursa zaidi kuliko mtaalamu wa kutoka Nairobi, kwa sababu anaweza kumuuliza mama yake.

Uandishi wa programu nao una thamani yake, ila namna unavyopimwa inanisikitisha. Kwa miaka mingi mtahiniwa ameandika programu kwa kalamu, kwenye karatasi, bila kuiona ikiendeshwa. Mtu anaweza kufaulu hivyo asijue hisia ya kutafuta kosa moja alasiri nzima na kulipata kwenye alama moja iliyosahauliwa. Mtaala wa umilisi umekusudia kuliondoa tatizo hili, mradi mashine ziwepo. Pale ambapo wanafunzi watatu wanagombea kibodi moja, mmoja anajifunza na wawili wanatazama.

Elektroniki ya msingi huwachosha wengi, nao huuliza volti na vipingamizi vinawahusu nini watu wa programu. Jibu liko angani. Ukanda wa Kericho hutajwa duniani kote kwa wingi wa mvua ya mawe, na radi haziko mbali. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, unaunguza vifaa vya umeme vya kompyuta na ruta kwa pamoja. Fundi anayejua kutia waya wa ardhini, kupima volti na kubadilisha kapasita iliyovimba anaweza kuokoa mashine ya shule ambayo isingenunuliwa nyingine kwa miaka. Kijijini, ujuzi huu unalipa mapema kuliko tovuti yoyote.

Mitandao nitaipitia haraka. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009, na tangu hapo intaneti imepanda hadi nyanda za juu, ingawa hadi leo wengi hapa wanaifahamu kupitia simu pekee. Mwanafunzi hujifunza jinsi data inavyokatwa vipande, jinsi kila kifaa kinavyopewa anwani, na kwa nini mnara ulio nyuma ya kilima haumfai aliye bondeni. Atakayelimudu somo hili ndiye atakayeunganisha zahanati, shule na ofisi ya chifu. Na akumbuke kwamba wafugaji wengi wanashika simu ndogo za vibonye. Huduma inayotumia msimbo wa nyota na reli itamfikia bibi wa Chebunyo kabla ya programu yoyote ya simu janja.

Nakuja kwenye maadili, ambayo katika ratiba hushirikishwa na utangulizi kana kwamba ni dibaji. Mwendo mfupi kutoka hapa, mpakani mwa Bomet na Narok, uko mji wa Mulot. Wakazi wake wengi ni wakulima na wachuuzi wasio na hatia, lakini jina la mji limejulikana nchi nzima kwa vijana wanaowalaghai watu kwa simu, kuteka laini zao na kukomba fedha za M-Pesa. Makachero wa DCI wameufanyia misako mingi. Ulaghai huo hautegemei sana ufundi wa kompyuta. Unategemea sauti yenye kujiamini, jina la mwathiriwa, namba yake ya kitambulisho, na mtu wa ndani aliyezitoa taarifa hizo. Taarifa hizo huvuja kutoka mikononi mwa watu walioaminiwa kuzitunza.

Fikiria saiba ya sokoni. Mteja anakuja kuomba cheti cha tabia njema kwenye eCitizen, au kujaza ushuru kwenye iTax, au kuomba mkopo wa HELB wa binti yake. Hajui kutumia mashine, basi anamwachia mhudumu kitambulisho, namba ya simu na neno la siri. Mhudumu anaviandika kwenye daftari ili mteja akirudi kazi iwe rahisi. Hana nia mbaya. Hata hivyo daftari hilo, likiachwa juu ya meza, ni hazina kwa wale wa kuteka laini. Kenya ina sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 na sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na wenye saiba wengi ni wahitimu wa kozi hizihizi. Ningependa kuona somo la maadili likifundishwa likiwa na daftari la namna hiyo mezani, na mwanafunzi akiulizwa alifanye nini. Kijana wa Bomet aliyesomea mitandao na hifadhidata ataitwa siku moja na rafiki mwenye pesa za haraka. Chuo hakiwezi kumkinga na mwito huo, ila kinaweza kuhakikisha kwamba hausikii kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Je, kazi zipo? Mei 2023, katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho, waandamanaji walichoma mashine za kuchumia chai kwa hasira ya ajira zilizopotea. Hasira hiyo naielewa, kwa maana mkono unaochuma chai umelisha familia nyingi za hapa. Mashine zimebaki, na kwenye vituo vya kununulia majani mabichi mizani za kielektroniki zimeshika nafasi ya zile za zamani. Zote zinahitaji watu wa kuzitunza na kusoma takwimu zake, na sitaki watu hao watoke mbali ilhali vijana wa Konoin na Chepalungu wana vyeti kabatini. Ndiyo sababu siidharau miezi ya mafunzo kazini inayodaiwa na kozi. Kijana aipitishe katika kiwanda cha chai, ushirika wa maziwa au hospitali ya kaunti, wala asikubali kuwa mtu wa kutoa nakala za karatasi kutwa nzima.

Kwa hiyo, mzazi, kabla mtamba hajafika mnadani, nenda chuoni mwenyewe. Tazama kama kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya kiufundi. Uliza mtaala ni wa KNEC au wa CDACC, na nani atakayetoa cheti. Ingia maabara siku ya masomo, uhesabu mashine zinazowaka na wanafunzi walioketi. Kisha omba kuonyeshwa miradi ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Karibu kila mmoja huandika mfumo wa kompyuta kama sehemu ya diploma. Waulize mfumo huo ulibuniwa kwa ajili ya nani, walizungumza na watu gani kabla ya kuuandika, na kama unatumika leo mahali popote.