Chandarua: Kifaa cha Kila Usiku Kilivyosanifiwa, na Kwa Nini Usanifu Huo Unakuhusu

Na Mwandishi Wetu

Miongoni mwa vifaa vyote vilivyomo katika nyumba ya Mtanzania, huenda hakuna kinachotumika mara nyingi na kufikiriwa mara chache kama chandarua. Hukunjwa asubuhi, hushushwa usiku, hufuliwa kinapochafuka, basi. Wengi hukichukulia kuwa ni kitambaa chenye matundu. Lakini unene wa uzi wake, upana wa tundu, rangi, pindo la chini na hata kitanzi cha kona ni matokeo ya uamuzi wa watu waliokaa wakafikiri namna binadamu anavyolala na namna mbu anavyomwendea. Pale uamuzi huo ulipokuwa sahihi, watoto wamenusurika. Pale ulipokosewa, chandarua kimeishia kuzungushiwa vifaranga au bustani ya mchicha.

Tafiti za kitaifa zinaonesha kuwa kiwango cha maambukizi ya malaria kwa watoto wenye umri chini ya miaka 5 Tanzania Bara kimeshuka kutoka asilimia 18.1 mwaka 2008 hadi asilimia 8.1 mwaka 2022. Mafanikio hayo yametokana na mambo mengi, yakiwemo vipimo vya haraka na dawa mseto. Hata hivyo, dawa na vipimo huwa mikononi mwa mtaalamu, ilhali chandarua huwa mikononi mwa mwananchi mwenyewe, gizani, bila mtu wa kumsimamia. Kwa sababu hiyo, kifaa chenyewe ndicho kinachopaswa kubeba sehemu kubwa ya utaalamu.

Somo hilo lilijifunza hapa nchini mapema. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, mradi uliojulikana kama KINET uliuza vyandarua katika wilaya za Kilombero na Ulanga, mkoani Morogoro, pamoja na pakiti za dawa ya kuvichovya, vyote vikiwa na nembo ya Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionesha kuwa vyandarua vilivyotiwa dawa vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4. Yalikuwa matokeo makubwa kwa kifaa kidogo.

Tatizo lilikuwa pakiti. Dawa ilipungua nguvu kadiri muda ulivyopita na chandarua kilivyofuliwa, hivyo mama alitakiwa kununua nyingine, kupima maji katika beseni, kukinga mikono yake, kuchovya chandarua hadi kilowe sawasawa, kisha kukianika kivulini, na kuyarudia yote hayo baada ya miezi michache. Waliorudia walikuwa wachache. Ni rahisi kuliita jambo hilo uzembe, na wapo waliofanya hivyo, lakini kifaa kinachomtaka mtu mwenye shughuli za shamba, kisima na watoto akumbuke kazi ya kimaabara kila nusu mwaka kimesanifiwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Suluhisho lilikuwa kuiondoa kazi hiyo nyumbani na kuipeleka kiwandani. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kuchanganya dawa na plastiki ya polietilini kabla haijavutwa kuwa uzi. Dawa hubaki ndani ya uzi na kupanda juu polepole kila ile ya nje inapoondoka kwa kufuliwa au kusuguliwa. Njia ya pili ni kuupaka uzi wa poliesta dawa iliyochanganywa na gundi maalumu inayoishikilia. Kiwanda cha A to Z cha jijini Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vya aina ya kwanza mwaka 2003 kwa teknolojia iliyotoka Japani. Kigezo cha kimataifa ni kwamba chandarua cha aina hizi kihimili kufuliwa mara 20 kwa kipimo cha maabara na kitumike miaka 3 nyumbani. Tutarejea kwenye hiyo miaka 3.

Mwananchi aliyelala Dar es Salaam mwezi wa Februari hahitaji kuelezwa kwa nini watu huacha kutumia chandarua. Joto ndilo sababu inayotajwa zaidi katika tafiti nyingi, na ni sababu ya haki, kwa kuwa kitambaa chochote hupunguza upepo. Hapa msanifu yuko kati ya mambo mawili yanayovutana: akiyabana matundu, hewa haipiti; akiyapanua, mbu atapenya. Dawa ndiyo iliyolegeza mvutano huo. Chandarua kisicho na dawa hutegemea matundu madogo na ukamilifu wa kitambaa peke yake, na hata hapo mbu humuuma mtu ambaye mkono wake umeegemea kitambaa. Chenye dawa kinaweza kuwa na matundu mapana zaidi, maana mbu anayetua kutafuta njia huwa ameshaigusa sumu. Kwa hiyo anayeona matundu ya chandarua chake ni makubwa kuliko ya kile cha zamani asidhani amepewa bidhaa hafifu.

Utafiti mwingine uligeuza fikra kuhusu sehemu ambayo watu huitazama kwa nadra, yaani dari ya chandarua. Watafiti waliotumia kamera za mwanga usioonekana kufuatilia mbu usiku waligundua kuwa mbu wengi hushukia juu ya chandarua, hasa usawa wa kiwiliwili cha aliyelala, kwa kuvutwa na joto na pumzi inayopanda. Huu ndio msingi wa baadhi ya vyandarua kuwekewa kiambato cha ziada darini tu. Pembeni, kwa upande mwingine, ndiko kunakochanika, kwa sababu ya kuchomekwa chini ya godoro kila usiku, misumari ya kitanda na panya. Baadhi ya watengenezaji, basi, hushona pindo la chini kwa kitambaa kizito zaidi. Ukikutana na sehemu hizo mbili zisizofanana katika chandarua kimoja, hiyo si kasoro ya kiwanda.

Mbu nao hawakukaa kusubiri. Kwa miaka mingi vyandarua vyote vilitegemea kundi moja la viuadudu, pairethroidi, na mbu katika maeneo mengi wakajenga usugu. Tanzania imetoa mchango mkubwa katika kutafuta jibu. Utafiti uliofanyika wilayani Muleba, mkoani Kagera, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionesha faida ya kuongeza kiambato kiitwacho PBO, ambacho huzuia mwili wa mbu kuivunja sumu. Ukafuata utafiti wa Misungwi, mkoani Mwanza, uliohusisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na washirika wake, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022. Vyandarua vyenye pairethroidi pamoja na klofenapiri vilipunguza matukio ya malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka 2 ya kwanza, vikilinganishwa na vile vya kawaida. Mwezi Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza matumizi yake katika maeneo yenye mbu sugu.

Kuna jambo moja kuhusu klofenapiri ambalo kila mtumiaji anapaswa kulijua. Pairethroidi hushambulia mishipa ya fahamu, na mbu huanguka papo hapo. Klofenapiri huzuia seli za mbu kutengeneza nishati, na kifo chake kinaweza kuchukua hadi saa 72. Wengi wetu tumezoea kukipima chandarua kwa kuhesabu mbu waliokufa sakafuni asubuhi. Kwa aina hii mpya kipimo hicho kinaweza kudanganya: mbu ataondoka akiruka vizuri na kwenda kufia mbali na macho yako.

Sasa ile miaka 3. Utafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, uliofuatilia aina 3 za vyandarua katika kaya zaidi ya 3,000 za wilaya 8 nchini na kuchapishwa mwaka 2020, uligundua kuwa nusu ya vyandarua vilikuwa vimeacha kufaa ndani ya miaka 2 hadi 2.6, kutegemea aina. Kule Misungwi pia, kufikia mwaka wa 3, wengi walikuwa hawavitumii tena vyandarua walivyopewa. Hili ni eneo ambalo usanifu bado unadaiwa. Unene wa uzi hupimwa kwa denieri, yaani uzito wa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000, na katika lebo za vyandarua vya poliesta huonekana namba kama 75, 100 au 150. Namba kubwa humaanisha uzi mnene zaidi, ingawa uimara hutegemea pia ufumaji. Mwananchi anayenunua dukani ana haki ya kuuliza namba hiyo, kama anavyouliza uzito wa unga.

Kuhusu umbo, chandarua cha duara hufungwa sehemu moja tu, hivyo hufaa chumba kinachotumika kwa shughuli nyingine mchana, lakini huteremka karibu na mwili. Cha pembe nne hutoa nafasi zaidi na kinahitaji kamba nne. Kwa wanaolala chini juu ya mkeka au godoro, kitundikwe chini zaidi ili pindo liingie chini ya malalo pande zote.

Chandarua kipya kitandazwe kivulini kwa saa 24 kabla ya kutumika. Kifuliwe kwa maji baridi na sabuni ya kawaida kinapochafuka, si kila wiki. Mara 20 zilizotajwa zikigawanywa kwa miaka 3 ni takribani mara moja kila miezi miwili, na wataalamu hushauri iwe pungufu ya hapo, isizidi mara 4 kwa mwaka. Kisiloweke usiku kucha, kisitiwe dawa ya kung'arisha nguo, kisianikwe juani. Kisifuliwe mtoni, ziwani wala bwawani, kwa kuwa pairethroidi ni sumu kali kwa samaki. Kikitoboka kishonwe mara moja, tundu likiwa bado dogo.

Wajawazito hupatiwa chandarua bila malipo katika hudhurio la kwanza la kliniki, na watoto wanapopata chanjo ya surua wakiwa na umri wa miezi 9. Katika mikoa iliyomo kwenye utaratibu wa shule, ambao ulianzia Lindi, Mtwara na Ruvuma mwaka 2013, wanafunzi wa shule za msingi hupeleka vyandarua nyumbani. Chandarua cha zamani kiendelee kutumika hadi kipya kitakapotundikwa, hata kama kina matundu machache, kwani dawa iliyobaki katika kitambaa bado humdhuru mbu anayetua juu yake.