Usiache Kazi Ili Uandike Riwaya

Swali ambalo waandishi chipukizi huwauliza sana wahariri wa vitabu si la sarufi wala la muundo wa riwaya. Ni la muda. Mwalimu mwenye vipindi vingi, muuguzi wa zamu, mama mwenye duka na watoto wadogo: kila mmoja ana mswada ulioanza vizuri ukakwama sura ya tatu, na kila mmoja anauliza kama si bora aache kazi kwanza ndipo aandike. Jibu langu ni hapana, na ushahidi ninao wa aina mbili: hesabu ya fedha na historia ya fasihi yetu.

Tuanze na fedha. Tuseme kitabu chako kinauzwa shilingi 10,000 za Tanzania, na mkataba unakupa mrabaha wa asilimia 10. Kila nakala itakuingizia shilingi 1,000. Zikiuzwa nakala 1,000, nayo si idadi ya kubeza kwa riwaya isiyosomwa shuleni, utapata shilingi 1,000,000. Hapo kodi bado haijakatwa, na malipo yanasubiri mchapishaji afunge hesabu zake. Ni jasho lako na ni halali yako, lakini fedha hizo hazitoshi pango, ada na nauli za mwaka mzima. Aliyeacha mshahara ili aandike hujikuta akiandika huku akiwaza tarehe 30. Hofu hiyo humla muda kuliko ofisi ilivyokuwa ikimla.

Historia nayo inasema hivyo hivyo. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani karibu na Tanga, aliajiriwa na serikali ya kikoloni mwaka 1926 akiwa karani wa forodha. Baadaye alihamia idara nyingine, ikiwemo ya upimaji ardhi, na utumishi wake wote ulipita miaka 30. Kusadikika ilitoka mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952, mwandishi wake akiwa bado mtumishi wa serikali. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipata kuwa mkaguzi wa afya, kisha akawa mhariri wa magazeti. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyomleta mpelelezi Bwana Msa kwa wasomaji, ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960, wakati yeye anahariri gazeti la Mkulima. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, alifundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza. Alitoa riwaya kumi kati ya mwaka 1987 na 2020, yaani wastani wa moja kwa kila miaka mitatu hivi, na nyingi kati ya hizo aliziandika akiwa mhadhiri.

Watu hupenda kumtisha mwandishi mwenye ajira kwa methali ya mshika mbili moja humponyoka. Majina haya yanaonyesha kuwa hakuna iliyowaponyoka. Kinachomkwamisha mwenye majukumu ni kwamba muda wake huja vipandevipande, ilhali mswada anauwaza kama kitu kizima kinachodai miezi mitatu ya utulivu. Miezi hiyo haiji. Kwa hiyo kinachopaswa kukatwa ni mswada, ulingane na vipande vya muda vilivyopo.

Washairi wetu wanalijua hili tangu zamani. Ubeti wa utenzi una mishororo minne, na kila mshororo mizani minane. Hizo ni mizani 32 tu, mtu anaweza kuzipanga kichwani akiwa kwenye daladala na kuziandika akifika. Ubeti ukikamilika umekamilika. Kesho unaanza mwingine bila kutafuta ulipoachia. Kwa njia hiyo kazi ndefu sana huwezekana: Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, uliotungwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, una beti zipatazo 3,000.

Riwaya haina huruma hiyo. Humlazimu mwandishi akumbuke nani yuko wapi, amevaa nini, anajua siri gani. Ukiiacha wiki tatu, siku ya kurudi inaishia kwenye kusoma ulichoandika, na hapo ndipo sura ya tatu inapofia. Dawa yake ni mbili. Kwanza, weka daftari moja la mswada, na kila unapoinuka andika mistari mitatu: tukio limefika wapi, nani anaingia, nini kinafuata. Pili, simama wakati bado unajua sentensi inayofuata. Ukiandika mpaka ukauke, kesho utaanza na ukavu huo.

Kisha fanya hesabu kwa maneno, usiifanye kwa saa. Maneno 250 ni kama ukurasa mmoja wa kitabu. Ukiandika 250 kwa siku tano za wiki, wiki moja inakupa 1,250, na wiki 48 zinakupa maneno 60,000. Hiyo ni rasimu ya riwaya kamili, na bado umebakiwa na wiki nne za misiba, harusi na homa. Muuguzi wa zamu asijifunge kwa saa ileile kila siku, maana hana siku zinazofanana. Ajiwekee 1,250 kwa wiki, azigawe kadiri ratiba ya zamu inavyotoka.

Tofautisha pia saa za akili mbichi na saa za uchovu. Kutunga tukio jipya kunataka akili iliyopumzika. Kusahihisha tahajia, kunakili yaliyoandikwa kwa mkono, kuhakiki jina la mtaa au mwaka wa tukio, hayo hufanyika hata baada ya chakula cha usiku. Wengi hufanya kinyume: alfajiri wanasoma ujumbe kwenye simu, usiku wakiwa hoi wanajilazimisha kutunga, halafu wanalalamika kwamba hawana kipaji.

Hapa kuna jambo ambalo washauri wengi hulipita haraka. Kumwambia mwanamke aamke alfajiri aandike ni rahisi, lakini katika nyumba nyingi alfajiri ndiyo saa ya kuwasha jiko na kuwaandaa watoto kwenda shule. Toni Morrison wa Marekani aliandika kabla wanawe wawili hawajaamka, akiwalea peke yake huku akiwa mhariri katika kampuni ya vitabu. Alikuwa ameshachapisha riwaya nne alipoacha ajira hiyo mwaka 1983. Tumheshimu kwa hilo, ila tusiligeuze sharti kwa kila mama. Panapo watu wazima wawili, saa ya kuandika ni suala la nyumba nzima. Baba akichukua zamu ya uji na sare za shule siku mbili kwa wiki, tayari mswada umepata siku mbili. Na mwanamume anayejifungia kuandika kila jioni ajiulize ni nani anayelipa jioni hizo.

Ipo pia misimu ya kuacha. Mwezi wa kusahihisha mitihani, Ramadhani, mavuno, mtoto mchanga: usijidanganye kwamba utaandika kama kawaida. Funga daftari kwa hiari, na kabla hujalifunga andika ndani yake tarehe ya kurudi. Likizo yenye tarehe ni mapumziko. Isiyo na tarehe kwa kawaida huwa ndiyo mwisho wa mswada.

Basi wiki hii, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, chukua ratiba yako na uweke alama kwenye nafasi tatu za nusu saa. Waambie unaoishi nao kwamba nafasi hizo zina mwenyewe, na uwaulize wao wanataka zipi. Kisha kaa uandike maneno 250. Mshahara uache uendelee kulipa pango, nawe endelea na sura ya nne.