Waziri wa Facebook aliyefungwa kwa ajili ya Facebook

Chukua simu yako, uangalie posti yako ya mwisho. Sasa fikiria mtu wa serikali ameketi mahali anaisoma, tena hacheki. Umeshika? Basi nikupeleke Myanmar, ile nchi wazee wetu bado wanaiita Burma.

Jamaa anaitwa Ye Htut. Alianza jeshini, akapanda hadi luteni kanali, kisha akahamishiwa Wizara ya Habari. Usishangae. Kule jeshi lilikuwa limetawala tangu 1962, na mwanajeshi kukabidhiwa magazeti lilikuwa jambo la kawaida tu, kama vile kwetu diwani kukabidhiwa tenda.

Mwaka 2011 majenerali walivua kombati, wakavaa nguo za kiraia, na Thein Sein, naye jenerali, akawa rais. Mambo yakaanza kufunguka. Agosti 2012 wahariri waliacha kulazimika kupeleka habari zao zikaguliwe kabla ya kuchapishwa. Aprili 2013 magazeti ya kila siku ya watu binafsi yalirudi mitaani. Halafu ikaja ile ya simu, na hapa nataka usome polepole: laini ambayo miaka michache nyuma ingekugharimu zaidi ya dola 1,000, mwaka 2014 ilikuwa inauzwa kwa kyat 1,500, yaani chini ya shilingi 150 zetu za wakati huo! Kampuni mbili za kigeni ziliingia sokoni, na taifa zima likawa mtandaoni kama kwa usiku mmoja. Kwa wengi kule, intaneti na Facebook vilikuwa kitu kimoja.

Ye Htut aliwahi mapema. Akiwa naibu waziri na msemaji wa rais, alikuwa anaposti yeye mwenyewe, anajibu watu, anabishana nao. Wakambandika jina: Waziri wa Facebook. Agosti 2014 akawa waziri kamili wa habari.

Lakini usimpende haraka. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Julai 2014, wanahabari wanne wa jarida la Unity pamoja na bosi wao walihukumiwa miaka 10 na kazi ngumu. Kosa? Kuandika kwamba jeshi lina kiwanda cha silaha za kemikali. Baadaye kifungo kikapunguzwa hadi miaka 7. Ye Htut alikuwa nani wakati huo? Mdomo wa serikali. Ndiyo maana mimi humsoma nikiwa nimekunja uso, hata pale ninapomwonea huruma.

Chama cha Aung San Suu Kyi kikashinda uchaguzi wa Novemba 2015, na mwisho wa Machi 2016 jamaa akaondoka ofisini. Akaenda Singapore kwenye taasisi ya utafiti, akaandika kitabu kuhusu nafasi ambazo serikali yao ilizipoteza. Si wengi wanaotoka serikalini na kukiri kitu kama hicho, tukubaliane.

Februari 2021, jeshi likapindua serikali. Siku chache baadaye Facebook ikafungwa. Watu wakaingia kwa VPN. Ndani ya mwezi huohuo sheria ya makosa ya jinai ikaongezewa kifungu cha 505(A), ambacho kinamnasa yeyote atakayesemwa ameeneza uongo au hofu.

Ye Htut hakunyamaza. Aliendelea kuposti. Oktoba 2023 wakamkamata, wakisema ameeneza habari za uongo mtandaoni. Mwezi uliofuata hukumu ikatoka: uchochezi dhidi ya serikali, na hicho kifungu cha 505(A). Jumla miaka 10.

Ndiyo, 10. Ileile waliyopewa watu wa Unity siku ya kwanza. Wao walitoka kwa msamaha Aprili 2016, wiki chache tu baada ya yeye kufungasha vitu vyake wizarani.